Filta ya tangi la lita 648 lenye mimea: uchambuzi wa kisa kimoja

Mfugaji mmoja wa samaki wa mapambo, aliyekaa na tangi la lita 200 kwa miaka mingi, alinunua tangi jipya la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Kioo chake ni cha milimita 12, juu kimeungwa kwa mikanda ya kioo, na hakina tundu lolote la bomba. Alilitaka liwe tangi la mimea hasa: Vallisneria nyuma, Rotala katikati, Cryptocoryne kwenye kivuli cha magogo, Anubias na Microsorum zikiwa zimefungwa juu ya magogo hayohayo, na zulia la Eleocharis mbele. Taa kali, na hewa ukaa ya mtungi. Samaki wangekuwa wadogo lakini wengi: kundi la kadinali tetra, Corydoras wa kuchokoa mchanga, pamoja na kamba wa Amano wa kula mwani.

Filta ndiyo iliyomkwamisha. Alikuwa na mapendekezo matatu mkononi, kila moja kutoka kwa mtu mwenye uzoefu na asiye na shaka. La kwanza, kanista moja kubwa, yaani kopo lililofungwa lenye pampu na vichujio linalokaa nje ya tangi, iliyoandikwa lita 2,400 kwa saa. La pili, sampu, yaani tangi la pili chini ya kabati ambalo maji yanateremka, yanachujwa na kurudishwa juu kwa pampu. La tatu, kanista mbili za lita 1,500 kila moja. Aliniuliza swali fupi: ipi kati ya hizo inasafisha zaidi?

Zote zinasafisha vya kutosha. Kwa tangi la aina hii kinachotenganisha filta nzuri na mbaya ni kiasi cha maji ambacho bado inakisukuma siku ile ikiwa imejaa uchafu, siku moja kabla haijafunguliwa kuoshwa. Uchambuzi wote unaofuata umejengwa juu ya siku hiyo.

Kwa nini msukumo, wala si usafi

Samaki wanatoa amonia. Bakteria wa jamii ya Nitrosomonas wanaigeuza kuwa nitriti, na Nitrospira wanaigeuza nitriti kuwa nitrati. Hiyo ndiyo kazi ya filta inayofahamika, na kwenye tangi lenye samaki tupu ndiyo uhai wao. Lakini mimea nayo inakula amonia, tena inaipenda kuliko nitrati, kwa sababu nitrati lazima kwanza ivunjwe ndani ya mmea kwa gharama ya nguvu. Tangi lililopandwa kwa wingi na mimea yake ikawa inakua ni chujio tosha la amonia. Bakteria wa kwenye kanista wanagombania chakula na majani.

Kitu ambacho mmea hauwezi ni kwenda kukitafuta chakula. Hewa ukaa inasambaa ndani ya maji polepole mno, kama mara 10,000 chini ya kasi yake hewani. Kila jani limezungukwa na utando mwembamba wa maji yaliyotulia. Jani likishafyonza hewa iliyomo humo, linasubiri nyingine ipenye. Maji yakipita, utando unakonda na jani linakula. Yakisimama, jani linashinda njaa hata kama nusu mita pembeni yake hewa ni tele. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza mapovu ya hewa ukaa mpaka samaki wake wapande juu kuhema, na bado pembe moja ya tangi ikawa na majani yaliyofifia na mwani mweusi wa manyoya.

Kwa hiyo filta hapa ni pampu inayosambaza chakula, ambayo pia inachuja. Ukiiona hivyo, maswali yanabadilika.

Lita ngapi kwa kweli

Lita 648 ni za vipimo vya nje. Ndani, baada ya kutoa unene wa kioo, eneo ni sentimita 177.6 kwa 57.6, yaani karibu sentimita za mraba 10,230. Ukiacha sentimita nne juu bila maji, ukaweka udongo wa wastani wa sentimita saba, maji yanayozunguka yanabaki na kina cha sentimita 48 hivi. Hiyo ni lita 491. Ondoa magogo na mawe, tunabaki na kama lita 475. Zaidi ya robo ya tangi imetoweka kabla samaki hawajaingia. Ni habari njema, maana mzigo wa pampu unapungua. Kipimo hichohicho ndicho kinachopasa kutumika kwenye mbolea na dawa, ambako anayepima kwa lita za nje anazidisha dozi.

Ndoo na saa

Namba iliyo kwenye boksi la filta inapimwa pampu ikiwa haina kitu ndani: hakuna sponji, hakuna pete za kauri, mara nyingi hata mipira ya maji haipo. Sikutaka kubahatisha tofauti, na mwenye tangi alikuwa na kanista yake ya zamani ikifanya kazi, iliyoandikwa lita 1,200 kwa saa. Tuliipima.

Kipimo ni rahisi lakini kina mtego mmoja. Unatoa mdomo wa kutokea maji, unauelekeza kwenye ndoo ya lita 10, na unahesabu sekunde. Mtego ni kimo: mdomo lazima ushikwe usawa wa uso wa maji ya tangi. Ukiushusha mpaka ndoo iliyo sakafuni, maji yanaporomoka yenyewe kwa uzito wake, na filta iliyochoka inaonekana shujaa. Ndoo inapandishwa, iwe juu ya stuli au mikononi mwa mtu mwingine, na mdomo unabaki palepale unapokaa siku zote.

Ikiwa chafu, kabla tu ya kuoshwa, kanista ile ilijaza ndoo kwa sekunde 81, sawa na lita 444 kwa saa. Ilipooshwa na kurudishwa, sekunde 52, yaani lita 692. Kwa hiyo ikiwa safi inatoa asilimia 58 ya maandishi, na ikiwa chafu asilimia 37. Hizo ni namba za kanista hiyo moja, na mtu mwingine atapata zake, lakini zinatosha kupimia mapendekezo matatu kwa macho tofauti.

Kanista moja kubwa, au mbili

Kwa uwiano huo, kanista ya 2,400 ingetoa kama lita 1,380 ikiwa safi na kama 890 ikiwa chafu. Kwenye lita 475 ni mizunguko 2.9 kwa saa siku ya kwanza, ikishuka hadi 1.9 kabla ya kuoshwa. Mimea inayolishwa hewa ukaa haipendi kuyumbishwa hivyo. Kiasi cha hewa kinachotoka mtungini hakijabadilika, lakini kinachofika kwenye majani ya mbali kinapungua wiki baada ya wiki, kisha kinaruka ghafla siku ya usafi. Mwani mweusi wa manyoya unajulikana kwa kushamiri kwenye matangi ya namna hii, ambako hewa ukaa haitulii.

Sasa kanista mbili za 1,500, zinazooshwa kwa zamu. Moja ikifikia ukomo wake na kutoa lita 555, nyingine iko katikati ya safari, kwenye 710 hivi. Jumla 1,265. Ukiosha ile chafu, jumla inapanda hadi 1,575. Tofauti kati ya siku mbaya na siku nzuri ni lita 310, wakati ile moja kubwa inayumba kwa karibu 500.

Mtu makini atasema mashindano si ya haki, kwa kuwa mbili za 1,500 zinafanya 3,000. Ni kweli. Tuchukue basi mbili za 1,200, jumla yake kwenye boksi ikiwa 2,400 ileile. Zikioshwa kwa zamu zitakuwa kati ya lita 1,012 na 1,260. Siku yake nzuri ni ndogo kuliko ya kanista moja kubwa, lakini siku yake mbaya ni bora, na siku mbaya ndiyo inayoamua mimea itakuwaje. Zamu ndiyo inayofanya kazi hapo, wala si ukubwa. Ukiziosha zote mbili siku moja, faida hiyo yote imepotea.

Kuna faida nyingine isiyohitaji hesabu. Pampu ikigoma usiku, tangi lenye kanista mbili linabaki na nusu ya mzunguko na nusu ya bakteria wake mpaka asubuhi.

Sampu

Sampu niliipa uzito mkubwa kwa sababu kwa matangi makubwa inastahili. Inakwangua utando wa mafuta juu ya maji yenyewe, bila kifaa cha ziada, maana maji ya juu ndiyo yanayoporomoka kwenye kizingiti. Nafasi ya sponji ni kubwa, na kuziosha ni kufungua mlango wa kabati tu. Hita na vipimo vinajificha chini. Maji yakipungua kwa kukauka, kina cha tangi la juu hakishuki. Umeme ukikatika, sponji zake zinabaki kwenye maji yaliyo wazi hewani, na bakteria wanadumu muda mrefu kuliko wale waliofungiwa ndani ya kopo la kanista.

Yapo ya kulipia. Kwenye kanista, maji yanashuka na kupanda ndani ya mzunguko uliofungwa, hivyo uzito wa maji yanayoshuka unasawazisha yale yanayopanda. Pampu inapambana na msuguano tu. Watu wengi wanakata namba za kanista kwa sababu ya kimo cha kabati, na hawana sababu ya kufanya hivyo. Kwenye sampu maji yameanguka na kuachia, kwa hiyo pampu inanyanyua kimo chote upya, hapa karibu sentimita 140. Lazima usome mchoro wa pampu: kwenye kimo hicho inatoa lita ngapi?

Halafu kuna hewa ukaa. Maji yanayoporomoka kwa kelele ndani ya bomba yanaichanganya na hewa ya chumbani na kuipoteza. Inaweza kudhibitiwa: bomba la kuteremshia likiwa limejaa maji tupu na kurekebishwa kwa koki, bomba la pili la dharura likisubiri pembeni, na sampu ikafunikwa. Wanaofanya hivyo wanapata matangi mazuri sana ya mimea, kwa hiyo simkubalii anayesema sampu na hewa ukaa haviendi pamoja.

Kilichoiangusha sampu kwenye kisa hiki ni tangi lenyewe. Halikutobolewa. Kutoboa kioo cha kawaida kunawezekana. Kioo kilichopikwa kuwa kigumu kinapasuka chote ukikigusa kwa keekee, na hatukuwa na uhakika kioo cha chini ni cha aina gani. Iliyobaki ni sanduku la kuning'iniza ukingoni linalovusha maji kwa saifoni. Saifoni ikikusanya hewa na kukatika, pampu ya chini haijui. Inaendelea kupandisha maji hadi yafurike sakafuni. Katika nyumba ambayo tangi linabaki peke yake mchana kutwa, siwezi kumshauri mtu alale na hatari hiyo.

Kama tangi lingekuja na tundu, na mipango ingekuwa ya samaki wakubwa wanaolishwa sana kama diskasi, ningechagua sampu bila kusita. Na ningemwambia kwanza apige hesabu ya umeme kukatika: maji ya tangi hili yakishuka sentimita mbili tu kabla ya kizingiti kuyazuia, lita 20 na nusu zinateremka. Sampu lazima iwe na nafasi tupu ya kuzipokea muda wote, pamoja na maji yaliyo ndani ya mabomba.

Uamuzi ukawa kanista mbili za 1,500.

Ndani ya makopo

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, na ndipo msukumo unapouawa. Kila kikapu kilikuja na nafasi ya kujazwa pete za kauri, mawe yenye vitundu, pamba laini na mkaa. Nilimshauri ajaze nusu tu: sponji zenye vitundu vikubwa chini, sponji za vitundu vya kati juu yake, kikapu kimoja cha pete za kauri, basi. Sponji ya vitundu vikubwa inashika uchafu na wakati huohuo inabeba bakteria wa kutosha kwa tangi ambalo mimea yake inafanya sehemu kubwa ya kazi. Pamba laini inang'arisha maji vizuri sana, kisha inaziba ndani ya siku chache. Mahali pake ni siku ya kupiga picha au baada ya kupanda upya.

Kwenye midomo ya kunyonya tuliweka sponji ya nje. Inawazuia kamba wadogo wasivutwe, na inashika majani ya Vallisneria, ambayo yakinyauka ni marefu kiasi cha kujisokota kwenye panga la pampu. Sponji hiyo inakamuliwa kila wiki siku ya kubadilisha maji. Ni kazi ya dakika moja, lakini ikisahauliwa ndiyo ya kwanza kuiua filta.

Mipira ya maji haikupunguzwa kipenyo. Alivutiwa na mabomba ya kioo membamba, yanayopendeza tangu Takashi Amano, Mjapani aliyeeneza sanaa ya matangi ya mimea, alipoyafanya sehemu ya sura ya tangi la mimea, nami nayapenda. Lakini yawe ya kipenyo kilekile cha mpira. Mpira wa milimita 16 ndani ukibanwa hadi 12, kwa mtiririko uleule ukinzani unapanda zaidi ya mara 4, kwa sababu unafuata takriban nguvu ya tano ya kipenyo. Hakuna sponji utakayoiondoa ikafidia hasara hiyo.

Hewa ukaa iliingizwa kwa kisambazaji kilichounganishwa kwenye mpira wa kutokea wa kanista moja. Kuiingiza kwenye mdomo wa kunyonya kunaifanya ikusanyike kichwani mwa kopo, na panga linaanza kugonga.

Kanista ya zamani haikutupwa. Ilifungwa pembeni ya mbili mpya kwa wiki za mwanzo, kwa sababu udongo mpya wenye virutubisho unatoa amonia nyingi mwanzoni na mimea iliyotoka kupandwa bado haina mizizi. Ilipoondolewa, sponji zake zilikatwa na kugawiwa kwenye kanista mpya, zikiwa zimesuuzwa kwa maji ya tangi. Maji ya bomba yenye klorini yangeweza kuua bakteria wengi waliokusanywa kwa miaka.

Pembe ya kulia

Midomo yote miwili ya kutokea iliwekwa upande wa kushoto, mmoja karibu na kioo cha mbele na mwingine nyuma, yote ikisukuma kwa urefu wa tangi. Wengi huweka mmoja kila upande. Kwenye tangi refu mikondo miwili inayokabiliana inakutana katikati na kuuana, na hapo ndipo uchafu unapotua. Mikondo inayoenda pamoja inagonga kioo cha mwisho, inashuka, na inarudi chini ikipita juu ya zulia.

Angalau ndivyo ilivyotakiwa. Mimea ilipokua, mkondo ukawa haufiki. Dalili ilikuwa ndogo: kwenye pembe ya mbele kulia, Eleocharis ilikuwa na vumbi la kahawia ambalo halikutikisika, huku upande wa kushoto kila unyasi ulikuwa ukipepea. Tulining'iniza vikombe viwili vya kipimo cha rangi, kimoja kila upande. Kimiminika chake kinakuwa kijani hewa ukaa ikiwa karibu miligramu 30 kwa lita, kinabaki buluu ikiwa kidogo, na kinachelewa saa moja au mbili kuonyesha, hivyo tulisubiri hadi taa zilipokuwa zimewaka kwa saa kadhaa. Kushoto kijani kibichi. Kulia buluu iliyokolea.

Kuongeza kanista ya tatu kusingekuwa jibu. Uchujaji ulikuwa wa kutosha; kilichopungua ni mwendo, na mwendo unapatikana kwa urahisi zaidi kwa pampu ya panga, ile isiyo na chujio lolote, inayosukuma maji mengi kwa wati chache na kwa mkondo mpana usiong'oa mimea. Iliwekwa kwenye kioo cha nyuma, katikati ya urefu, ikielekea kulia nyuma ya Vallisneria. Vikombe viwili vikafanana rangi. Ningependa watu wenye matangi marefu waifikirie pampu hii kabla ya kununua filta kubwa zaidi, kwa sababu inakuruhusu kuichagua filta kwa kazi ya kuchuja tu.

Jinsi linavyoendeshwa sasa

Kanista mpya, zikiwa na vikapu nusu na sponji mdomoni, zilijaza ndoo kwa sekunde 40 zikiwa safi: lita 900 kila moja. Ya kwanza kufunguliwa ilikuwa imeshuka hadi sekunde 56, ambazo ni lita 643. Ni bora kuliko makadirio yetu, na sababu ni vile vikapu visivyojazwa. Mwenye tangi haoshi kwa kalenda. Anapima kwa ndoo, na ikifika sekunde 60 kanista hiyo ndiyo yenye zamu; nyingine haiguswi mpaka wiki mbili zipite.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, hawashi kanista moja kwa moja. Maji yaliyofungiwa humo yameisha oksijeni na huanza kunuka. Anayamwaga, anasuuza sponji kwa maji ya tangi, kisha ndipo anawasha.

Kasoro moja bado ipo. Kanista haikwangui uso wa maji, na utando mwembamba hujitokeza nyuma ya magogo. Ameinua kidogo mdomo mmoja ili uso utikisike, lakini akiuinua zaidi hewa ukaa inatoroka. Kipo kifaa cha kunyonya juu na chini kwa wakati mmoja, kinachofungwa kwenye mdomo wa kanista, ila kamba wadogo hupanda juu usiku na kuvutwa nacho. Kwa sasa anapitisha kipande cha karatasi nyonyevu juu ya maji siku ya kubadilisha maji, na tunatafuta namna ya kukivika kifaa hicho wavu ambao hautaziba haraka.